Mabinti Mashujaa katika Hadithi za Watoto: Nasaha kwa Wasimulizi wa Nyumbani na Shuleni

Katika mambo yanayomlea mtoto pasipo mwenyewe kutambua kwamba analelewa, hadithi anayosimuliwa usiku kabla ya kulala ina cheo kikubwa kuliko amri tunazompa mchana, kwa kuwa amri humwingia sikioni ikakutana na ubishi, ilhali hadithi humwingia moyoni kwa ridhaa yake, na kila anapoomba irudiwe huwa anaomba kwa ulimi wake kufunzwa tena lile lile alilofunzwa jana. Kwa sababu hiyo ni wajibu wa kila mzazi, kila bibi na babu, kila shangazi na kila mwalimu wa madarasa ya chini kujiuliza jambo moja kabla ya kutamka Paukwa: katika hadithi hii, ni nani atendaye na ni nani angojaye? Maana mtoto wa kike aliyesikia kwa miaka mingi kwamba mvulana ndiye apandaye farasi, avukaye bahari, auaye zimwi na afumbuaye fumbo, na kwamba msichana ndiye alalaye usingizi, afungiwaye mnarani na atolewaye kuwa tuzo, atakuwa amepata somo ambalo hakuna aliyekusudia kumpa, na somo la namna hiyo ni gumu kufutika.

Wapo waungwana wanaodhani kwamba hadithi za mabinti mashujaa ni mtindo mpya ulioletwa juzi kutoka ng'ambo, na kwamba mwenye kuzisimulia anaigeuza mila. Dhana hiyo haina msingi. Mwenye kuzichunguza ngano kongwe za Waarabu, za Wafaransa na za Wajerumani atakuta mabinti waliosema, waliotadbiri na waliotenda wakiwamo tangu kale. Na atakuta pia kwamba wengi wao walinyamazishwa njiani, ama na kalamu ya mwandishi, ama na haraka ya msimulizi aliyefupisha pale pasipofaa kufupishwa. Kwa hiyo yale ninayoshauri hapa hayamtaki mtu avumbue kitu kipya. Yanamtaka arudishe kilichokuwako, akisimulie kwa ukamilifu wake, na akisimulie kwa namna ambayo mtoto ataweza kukitumia siku atakapokuwa peke yake.

Mfano ulio dhahiri ni ule wa msichana mwenye kofia nyekundu aliyetumwa kwa bibi yake akakutana na mbwa mwitu njiani. Charles Perrault alipoipiga chapa hadithi hiyo huko Ufaransa mwaka 1697 alimfanya msichana aliwe, kisa kikaishia hapo, pamoja na beti za maonyo kwa wasichana. Nao ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoitia katika mkusanyo wao wa mwaka 1812 walimleta mwindaji, akampasua mbwa mwitu tumbo na kumtoa msichana pamoja na bibi yake. Katika kitabu cha kwanza binti amekufa, na katika cha pili ameokolewa na mwanamume apitaye. Walakini wakulima wa Ufaransa walikuwa wakiisimulia kwa sura nyingine, ambayo iliandikwa kutoka vinywani mwao katika jimbo la Nivernais mnamo mwaka 1885 hivi, na humo hamna kofia nyekundu wala mwindaji. Msichana anapogundua kwamba aliyelala kitandani siye bibi yake, hazimii wala hapigi ukelele. Anasema kwamba amebanwa na haja na lazima atoke nje. Yule mwovu anamwambia ajisaidie pale pale kitandani, anakataa, basi anafungwa uzi wa sufu mguuni ili asitoroke, naye akishafika uani anaufungua, anaufunga katika mti wa plamu, na huyo anakwenda zake mbio hata kwao. Mwenye kushika ncha ya pili anauliza kama bado, anauliza tena, hajibiwi, na anapotoka kutazama anakuta uzi umefungwa mtini. Hata katika kitabu cha ndugu Grimm mlikuwa na mwisho wa pili, ambao vitabu vingi vya watoto huuacha: mbwa mwitu mwingine anapanda juu ya paa kuwavizia, na msichana na bibi yake, wao wenyewe pasipo msaada wa mtu, wanajaza hori la mawe maji yaliyochemshiwa soseji, harufu inamvuta, anainamisha shingo, anateleza na kufa maji.

Nimeikalia habari hii kwa sababu ndani yake mna faida kubwa kuliko burudani. Mtoto aliyefunzwa kwamba uungwana ni kumtii kila mkubwa, katika kila neno na kila mahali, hana silaha siku anapokutana na mkubwa mwovu. Na wenye kuwadhuru watoto, kama tujuavyo sote, aghalabu hawatoki porini, bali wameketi karibu, wanajua majina ya watoto wetu, na wanaitwa kwa majina ya heshima. Yule binti wa Nivernais anamfunza mtoto kwamba shaka ya moyo ni ya kusikizwa, kwamba kumdanganya mwovu ili umponyoke hakuvunji adabu, na kwamba ukishaponyoka yafaa ukimbilie kwenu ukaseme yaliyokupata. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika somo hili ulimwengu ni mwalimu asiye na huruma. Basi msimulie mwanao hivyo, kisha umuulize: wewe ungemwambia nini yule mbwa mwitu? Lipokee jibu lake hata likiwa la kuchekesha, kwani jibu alilolitunga mtoto mwenyewe ndilo litakalomjia ulimini siku ya dhiki.

Nasaha yangu ya kwanza, basi, ni kwamba msimulizi aanze na hazina iliyo karibu naye. Alfu Lela Ulela imesomwa na kusimuliwa kwa Kiswahili kwa muda mrefu, na kisa cha Ali Baba na wezi arobaini si kigeni kwetu; Antoine Galland, aliyekitia katika tafsiri yake ya Kifaransa, alikisikia mjini Paris mwaka 1709 kwa Hanna Diyab, kijana wa Kishami kutoka Halab. Lakini mwambie mtoto aliyepata kukisikia akusimulie akikumbukavyo, naye yamkini atakutajia pango, neno la kulifungua, dhahabu na wezi, ama Marjana, mjakazi aliyeiokoa nyumba nzima, atatajwa mwishoni au asitajwe kabisa. Lawama haimpasi mtoto. Inampasa msimulizi aliyepita mbio penye kazi ya Marjana akakaa sana penye dhahabu ya Ali Baba.

Mpe Marjana urefu anaostahili. Simulia jinsi alivyoona alama ya chokaa mlangoni, alama ambayo mwenye nyumba hakuitambua. Hajui imetiwa na nani, ila anajua kwamba alama isiyo na mwenyewe haina heri, basi anachukua chokaa naye akatia alama iyo hiyo katika milango ya majirani, kulia na kushoto, hata mwizi aliyerudi na wenzake asijue mlango ni upi. Simulia usiku wa makasiki 38, moja la mafuta na 37 yenye watu ndani. Jinsi taa ya jikoni inavyomzimikia, jinsi anavyotoka uani kuteka mafuta kidogo, na jinsi sauti inavyomuuliza kutoka ndani ya kasiki kama wakati umewadia. Hapa nyamaza kidogo, umwache mtoto aone kwamba binti huyu yu peke yake gizani, kwamba akipiga yowe wote watauawa, na kwamba muda alio nao wa kuamua ni wa pumzi moja tu. Naye anajibu kwa sauti tulivu kwamba bado, kisha anapita kasiki kwa kasiki akijibu vivyo hivyo, mpaka amekwisha kujua hesabu ya watu na mahali walipo. Halafu simulia habari ya mgeni aliyeomba chakula kisichotiwa chumvi. Bwana wa nyumba aliona ni desturi ya mgeni na hakuijali. Marjana, amri hiyo ilipomfikia jikoni, alijiuliza ni mtu gani akataaye kuila chumvi ya mwenyeji wake, na mtoto akielezwa kwamba katika ada za kale mtu aliyekula chumvi ya mwenzake aliona haya kumdhuru, ataelewa mara moja shaka hiyo ilitoka wapi. Chokaa, taa, mafuta na chumvi: hivyo ndivyo vilivyokuwa vyombo vya vita vya Marjana, na kila kimoja mtoto hukiona kila siku nyumbani kwao.

Nasaha ya pili ni kwamba hadithi ipimwe kabla ya kupewa mtoto, kwani si kila kitabu chenye picha ya msichana aliyeshika upanga kina binti shujaa ndani yake. Wako mabinti waliovishwa deraya ukurasa wa kwanza wakaokolewa ukurasa wa kumi, na wako wasioshika silaha yoyote ambao kisa chote kinaendeshwa na uamuzi wao. Uliza kwanza: akiondolewa msichana huyu, je, kisa kitasimama? Kikisimama, basi yeye ni pambo. Uliza pili: analolitenda analitenda kwa sababu gani, maana ushujaa usio na sababu ni ujeuri, na mtoto hupambanua haraka kuliko tunavyodhani. Uliza tatu: ili yeye aonekane hodari, je, imelazimu ndugu zake wa kiume wote wawe wapumbavu? Hadithi inayomwinua binti kwa kumdhalilisha mvulana haimfai hata mmoja wao.

Kwa mizani hii mtu ataona kwa nini kisa cha Hansel na Gretel kingali na thamani yake. Mwanzoni Gretel analia na Hansel ndiye anayemtuliza. Lakini mvulana akisha kutiwa kizimbani, msichana anayeambiwa aingie tanuuni atazame kama moto umekolea anajifanya hajui kuingia, mchawi aliyewakamata anajitia kumwonyesha, naye anamsukuma ndani na kulifunga komeo. Na wakati wa kurudi, walipofika kwenye maji mapana wasione daraja wala mtumbwi, ni Gretel anayemwita bata awavushe, na ni yeye anayemzuia kaka yake wasimpande wote wawili kwa pamoja, kwa sababu watamlemea. Huyu ni binti aliyeanza kwa machozi akaishia kwa hekima, na katikati ya hapo hakumdharau kaka yake hata mara moja. Kadhalika Gerda, katika hadithi ya Malkia wa Theluji aliyoiandika Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1844, anasafiri miguu mitupu mpaka nchi za barafu kumtafuta rafiki yake Kai. Hana uchawi wala upanga, na mwanamke mwenye maarifa anayeombwa ampe nguvu anasema kwamba hawezi kumpa nguvu kubwa kuliko ile aliyo nayo tayari.

Kutokana na mifano hii msimulizi na ajifunze kwamba ushujaa una namna nyingi: uko wa akili, uko wa subira, uko wa kusema kweli mbele ya mwenye nguvu, na uko wa huruma isiyochoka. Nyumba yenye mabinti watatu haikosi mmoja mpole na mwenye haya, ambaye akisikia kila usiku habari za wasichana wenye kupiga mbio na kupigana atajiona hana fungu katika jambo hili. Mtafutie naye mwenzake katika hadithi.

Nasaha ya tatu ni mintarafu ya usimulizi wenyewe. Mtambulishe binti kwa kazi yake na tabia yake kabla ya uzuri wa uso wake, na ikiwa uso hauna kazi katika kisa, usiutaje. Usimpe sauti nyembamba ya kuombea huku zimwi ukilipa ngurumo. Binti atoe maneno yake kwa sauti ile ile ya utulivu ambayo wewe mwenyewe huitumia ukiwa na hakika. Jihadhari na kauli ya kwamba alifaulu ingawa alikuwa msichana, maana kauli hiyo moja huondoa kila kilichojengwa kabla yake. Wala usimalizie kwa hotuba. Mtoto aliyekwisha kumwona Marjana akipita kasiki kwa kasiki hana haja ya kuambiwa kwamba wasichana nao ni hodari; ukimwambia, ataanza kujiuliza ni nani aliyekuwa na shaka.

Na ukitaka kutunga hadithi yako mwenyewe, ukampa binti kazi ambayo kwa desturi hupewa wanaume, basi mpe kazi hiyo pamoja na maarifa yake. Ukimfanya nahodha wa jahazi, na ajue kaskazi na kusi, ajue lini atweke tanga na lini alitue, ajue kwenda kwa kubisha upepo unapomkabili, na awaamrishe mabaharia kwa maneno ya chomboni, wao wakimtii kwa sababu amri zake zimewafikisha salama. Ukimfanya mwashi, ajue kupima boriti na kuchanganya chokaa na mchanga. Mtoto hashawishiki na cheo kitupu. Hushawishika na mtu ajuaye kazi yake, na ukweli wa kazi ndio unaoufanya uongo wa hadithi ukubalike.

Nasaha ya nne yahusu hofu na umri. Watoto walio chini ya miaka 6 hutaka kujua kwamba mwisho ni salama, na kwao hapana ubaya wezi wa Ali Baba wakafungiwa makasikini mpaka asubuhi wakapelekwa kwa kadhi. Walio baina ya miaka 6 na 9 huweza kustahimili giza la hadithi maadamu msimulizi yu karibu nao na hafanyi pupa. Na kuanzia miaka 10 wanastahili kisa kama kilivyo, mafuta yanayochemka ambayo Marjana aliwamiminia wezi na yote, pamoja na mazungumzo juu ya haki na kisasi. Wasimulizi wa tangu na tangu waliongeza na kupunguza kwa kuangalia wasikilizaji wao, nawe una idhini iyo hiyo, ila mtoto akikuuliza kama ndivyo ilivyo kitabuni, mwambie kweli.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo halifai kulainishwa, nalo ni hali ya Marjana. Mtoto atauliza mjakazi ni nani, na hapo wasimulizi wengi hujibu kwamba ni mtumishi wa nyumbani, kisha wakapita. Mjibu kwamba alikuwa mtu aliyemilikiwa na watu, asiyelipwa, awezaye kuuzwa. Kwamba jambo hilo lilikuwako hata kwetu, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Na kwamba Ali Baba alipompa uhuru alimrudishia haki aliyozaliwa nayo. Mtoto akilijua hilo, ataona ajabu kubwa zaidi katika binti aliyekuwa na akili kuwashinda waliommiliki.

Nasaha ya tano ni kuhusu mwisho. Hadithi nyingi za kale humaliza kazi ya binti kwa arusi, na Marjana naye aliozwa mwana wa Ali Baba. Sisemi arusi iondolewe, kwani ndoa ni neema, na mtoto hupenda pilau na vifijo. Ninalosema ni kwamba arusi isiwe ukuta ambao nyuma yake hapaonekani kitu. Ongeza sentensi mbili tatu: simulia kwamba baada ya fungate Marjana ndiye aliyeshika hesabu ya dukani, au kwamba majirani walikuja kumtaka shauri kila walipopatwa na jambo la kutatanisha. Na ziko hadithi ambazo mwisho wake ni mwingine, kama ile ya Robert Munsch wa Canada, iliyotoka mwaka 1980, ambamo binti mfalme Elizabeth, aliyebaki na mfuko wa karatasi tu wa kujisitiri baada ya joka kumchomea nguo zote, analichosha joka hilo kwa kulisifu mpaka likalala, akamtoa mchumba wake. Na mchumba alipomkemea kwa uchafu badala ya kumshukuru, alimwacha aende zake, wala hawakuoana. Soma zote mbili, mtoto ajue kwamba binti shujaa aweza kuolewa na aweza kukataa, na kwamba katika hali zote mbili uamuzi una mwenyewe.

Nasaha ya sita ni kwamba hadithi hizi wasisimuliwe wasichana peke yao. Mvulana aliyelelewa kwa hadithi ambazo yeye tu ndiye atendaye hupata hasara mbili: huwaona dada zake kuwa watu wa kungojea, na hujiona mwenyewe hana ruhusa ya kuogopa. Kwa faraja yake iko hadithi ya Sultani Majnuni, iliyo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja alioutoa Edward Steere mwaka 1870. Humo mwana wa mwisho wa sultani hudharauliwa kwa sababu kazi yake ni kukaa jikoni pamoja na wapishi, akaitwa Mkaa Jikoni. Lakini kaka zake walipopewa zamu ya kuulinda mtende wa baba yao wakalala usingizi, ni yeye aliyekesha, akitafuna nafaka iliyochanganywa na changarawe ili ukali wake menoni umwamshe kila asinziapo, na baadaye ni yeye aliyemuua nunda mla watu. Simulia kisa hicho jioni moja, na cha Marjana jioni ya pili yake. Mvulana aliyetoka jikoni na msichana aliyetoka jikoni, wote wawili wakiwa walinzi wa watu wao, watawafunza watoto wa nyumba moja kwamba mahali pa kazi hapamfanyi mtu kuwa mnyonge wala hodari.

Nasaha ya saba ni kuiunganisha hekaya na tarehe, kwa kuweka mpaka ulio wazi baina yao. Mtoto akisha kuwapenda mabinti wa kubuni, mweleze kwamba wako walioishi. Msimulie Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa sultani, aliyejifunza kuandika kwa siri katika zama ambazo wasichana wa jumba lao walifunzwa kusoma tu, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na ambaye mkono uo huo uliandika kitabu cha maisha yake kilichopigwa chapa mwaka 1886. Msimulie Siti binti Saad wa Fumba, muuza vyungu aliyekwenda mjini kwa miguu na bidhaa yake kichwani, ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Msimulie Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuyakataa maagizo ya serikali ya Kiingereza mwaka 1913, akapelekwa uhamishoni Kisii, mbali kabisa na pwani, akatoroka mwaka uliofuata na kurudi kwao. Wasimulizi wa Kigiriama hueleza kwamba alimletea mtawala kuku mwenye vifaranga akamwambia ajaribu kutwaa kifaranga kimoja, na alipounyosha mkono kuku akamdonoa. Na hapo mtoto atafahamu kwamba watu wazima wenye mambo makubwa nao huzungumza kwa hadithi.

Imebaki pingamizi moja, nayo ni ya watu wenye nia njema, kwa hiyo yastahili jibu la heshima. Huuliza: je, msichana akilishwa hadithi hizi hatakuwa mkaidi asiyesikia la mkubwa? Jibu limo katika Alfu Lela Ulela yenyewe. Husahauliwa kwamba hadithi ya kwanza iliyosimuliwa katika kisa cha Shahrazad, msimulizi wa kitabu hicho, haikutoka kwake. Ilitoka kwa baba yake waziri, aliyemsimulia kisa cha punda na ng'ombe ili kumtisha na kumzuia asiolewe na mfalme aliyekuwa akiua mke kila asubuhi. Shahrazad alimsikiliza baba yake mpaka mwisho, hakumkata kauli wala hakumpandishia sauti, kisha akasema kwamba atakwenda. Kisha akapanga shauri na mdogo wake Dunyazad aombe hadithi usiku, na kwa tadbiri hiyo aliokoa nafsi yake na mabinti wote wa mji. Adabu yake haikupunguza ushujaa wake hata chembe. Na wale wanaomtaja Mwana Kupona binti Msham kuwa ndiye shahidi wa utiifu, kwa utenzi aliomtungia binti yake mnamo mwaka 1858, na wakumbuke kwamba huyo alikuwa mama mgonjwa aliyeona kifo kikikaribia, akaamua kwamba elimu yake isizikwe pamoja naye, akawaachia wanawake wa mwambao utungo wenye kusomwa hata leo. Yaliyomo humo kila nyumba itayapima kwa wakati wake, lakini mwanamke aliyeyatunga hakuwa mtu wa kunyamaza.

Basi wewe uliye na mtoto, au unayefunza watoto wa watu, usingoje upate vitabu vingi. Chagua kisa kimoja katika hivi nilivyovitaja, kikae kichwani mwako mpaka uweze kukisimulia pasipo kusoma, kisha ukisimulie juma hili, kwa wavulana na wasichana pamoja, kwa sauti isiyo na haraka, ukisimama pale binti anapokabiliwa na uamuzi na kuwauliza wasikilizaji wao wangefanyaje. Juma la pili mpe mtoto mmoja zamu ya kukisimulia yeye. Akikibadili, akamfanya Marjana rubani au akamleta Gerda katika soko la Darajani la Unguja, usimsahihishe, bali msikilize mpaka mwisho kwa taadhima ile ile uliyomtaka akupe, kwa kuwa mtoto aliyepewa nafasi ya kuamua kisa kiendeje ameanza kuzoea kuamua, na mazoea hayo, yakianzwa mapema na kwa upole, ndiyo malezi yenyewe tunayoyatafuta.